Tornado Ikipita Juu ya Paa Lako, Bima Inalipa Nini?

Hotuba kwa wenye nyumba wanaozungumza Kiswahili, eneo la Dallas na Fort Worth, Texas

Shikamooni wazee wangu. Ndugu wengine wote, hamjambo.

Swali mlilolileta ni fupi: tornado ikibomoa nyumba, bima inalipa? Na jibu lake ni fupi: inalipa. Sera ya kawaida ya bima ya nyumba hapa Marekani, ile ambayo watu wa bima huiita HO-3, inataja upepo na mvua ya mawe miongoni mwa majanga inayoyakinga, na tornado ni upepo. Huhitaji bima nyingine ya tornado. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukishasikia hilo "inalipa" tunafunga faili na kulirudisha kabatini. Dhoruba ikishapita, mabishano na kampuni huwa juu ya mambo mengine kabisa: maji yalipitia wapi, paa lina umri gani, na sehemu gani ya hasara ulikubali kuibeba mwenyewe siku ulipotia saini.

Kabla sijaingia huko, tukumbushane tunaishi wapi. Tarehe 20 Oktoba 2019, usiku, tornado ya daraja la EF3 (kipimo cha nguvu za tornado kinachofika hadi EF5) ilipita Dallas kaskazini. Tarehe 26 Desemba 2015, watu wakiwa bado wanakula mabaki ya Krismasi, ya daraja la EF4 ilipita Garland na Rowlett. Na Desemba 2021, Bowling Green kule Kentucky, mji uliopokea wakimbizi wengi, ndugu zetu kutoka Kongo wakiwamo, ulipigwa usiku watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo anayewaambia kwamba msimu ni Aprili na Mei tu, anawaambia nusu ya habari.

Sasa fungueni ule ukurasa wa mbele wa sera zenu, ulioandikwa "Declarations". Mtaona herufi. A ni nyumba yenyewe. B ni vilivyo nje ya nyumba: uzio, kibanda cha zana, gereji iliyojitenga, kwa kawaida B ni asilimia 10 ya A. C ni mali za ndani: makochi, nguo, televisheni, sufuria. D ni gharama za kuishi kwingine nyumba isipokalika. E na F zinahusu mtu mwingine akiumia au mali yake ikiharibika kwa kosa lako, na leo tuziache.

Tuanze na kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Kwenye karatasi kimeandikwa "deductible". Mimi nitakiita fungu lako. Hapa Texas sera nyingi zina mafungu mawili: moja la upepo na mvua ya mawe, jingine la majanga yaliyobaki. Na lile la upepo mara nyingi haliandikwi kwa dola, bali kwa asilimia: 1, 2, hata 5. Watu huona "2%" wakadhani ni asilimia mbili ya hasara. Sivyo. Ni asilimia mbili ya A, yaani ya kiasi chote ambacho nyumba imekatiwa bima. Nyumba ya dola 350,000 yenye fungu la asilimia 2 maana yake ni dola 7,000 kutoka mfukoni mwako, hata kama kilichoharibika ni cha dola 9,000. Kampuni itakupa 2,000. Na kila mwaka A inapopandishwa kufuata bei za ujenzi, fungu lako linapanda nayo kimyakimya. Ukitaka kujua kama mtu anaijua bima yake, usimuulize analipa kiasi gani kwa mwezi. Muulize fungu lake la upepo ni dola ngapi.

Jambo la pili ni umri wa paa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Kuna namna mbili za kulipa. Ya kwanza ni kulipa gharama ya kuweka kipya. Ya pili ni kulipa thamani ya leo, yaani gharama ya kipya ukishatoa uchakavu. Tuchukue paa la vigae vya lami ambalo kulibadilisha ni dola 20,000. Kampuni inalihesabia maisha ya miaka 20, na la kwako lina miaka 12. Uchakavu ni asilimia 60, yaani dola 12,000. Thamani ya leo ni dola 8,000. Toa fungu lako la 7,000, inabaki dola 1,000. Hiyo ndiyo hundi ya kwanza.

Watu wengi wakipokea hundi hiyo hukata tamaa na kuikalia. Kumbe kama sera yako ni ya gharama ya kipya, zile 12,000 za uchakavu zimeshikiliwa tu. Unaezeka paa, unapeleka ankara ya mwisho na uthibitisho kwamba umelipa, ndipo hundi ya pili inatoka. Jumla unapata 13,000 na wewe umebeba 7,000 zako. Lakini kuna muda wa kudai hundi hiyo, mara nyingi siku 180 au 365 kutegemea sera, na ukipita, fedha hizo zimekwenda. Kama sera yako ni ya thamani ya leo, hakuna hundi ya pili: umepata 1,000, na 19,000 ni zako. Paa ni lile lile, dhoruba ni ile ile.

Mtego upo hapa: sera inaweza kulipa nyumba nzima kwa gharama ya kipya, halafu nyuma kabisa kukawa na karatasi ya nyongeza inayosema paa pekee litalipwa kwa thamani ya leo, au kwa jedwali linaloshuka kila mwaka wa umri wa paa. Karatasi hiyo huingia wakati wa kuhuisha sera, bahasha ambayo hatufungui. Nyingine husema kwamba mvua ya mawe ikibonyeza paa la bati bila kulitoboa, ni suala la sura tu, haikulipi. Tafuteni neno "roof" kwenye orodha ya nyongeza, na msome kila mstari ulio nalo.

Wenye nyumba walioinunua muda mrefu uliopita waangalie na hili. A inatakiwa ikaribiane na gharama ya kujenga upya, na hiyo si bei ya kuuza nyumba wala salio la mkopo. HO-3 ina sharti kwamba A isipungue asilimia 80 ya gharama hiyo, la sivyo unaweza kulipwa pungufu. Tuseme kujenga upya nyumba yako ni dola 400,000. Asilimia 80 yake ni 320,000. Wewe umekata bima ya 240,000, ambayo ni robo tatu ya hizo. Upepo ukikuharibia vya dola 40,000, kampuni ina haki ya kuhesabu robo tatu tu, yaani 30,000, kisha fungu lako litolewe humo. Akina baba waliopunguza A ili malipo ya mwezi yashuke, mjue mlichouza.

Sasa maji.

Mvua inayoingia ndani hulipwa ikiwa upepo au mawe yalitoboa paa, ukuta au dirisha kwanza, na mvua ikapitia tundu hilo. Kwa mali za ndani, sera inasema hivyo waziwazi. Na kampuni nyingi hutumia kipimo hicho hicho kwa dari na sakafu. Dirisha uliloliacha wazi halihesabiki. Paa lililokuwa likivuja tangu mwaka juzi nalo halihesabiki. Huo ni uchakavu na ukosefu wa matengenezo, na mtathmini, yule anayetumwa na kampuni kukagua hasara, atauona kwa zile duara za kahawia zilizopandiana kwenye dari. Ndiyo maana nawaomba mpige picha za paa na dari kila mwaka kabla ya Machi. Picha ya dari safi yenye tarehe inamaliza mabishano ambayo wakili angekutoza.

Maji yanayotoka chini ni habari nyingine kabisa. Mto ukifurika, barabara ikijaa, maji ya uani yakiingia kupitia kizingiti cha mlango, hayo ni mafuriko, na bima ya nyumba hailipi mafuriko. Hata kama ni dhoruba ile ile iliyong'oa paa. Sera nyingi zina kifungu kinachosema kwamba upepo na mafuriko vikisaidiana kuleta hasara moja, hasara hiyo haikingwi. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, kesi nyingi za pwani ya Ghuba ya Meksiko zilikuwa juu ya suala hilo: ukuta huu uliangushwa na upepo au na maji? Na Houston mwaka 2017, wakati wa kimbunga Harvey, nyumba nyingi zilizozama hazikuwa na bima ya mafuriko.

Bima hiyo hukatwa peke yake, ama kwa mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968, unaoitwa NFIP, ama kwa kampuni binafsi. NFIP inalipa nyumba ya familia hadi dola 250,000, na mali za ndani hadi 100,000 ukizikatia, kwa sababu hizo huandikwa kando. Hailipi hoteli nyumba isipokalika. Na kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo kuikata siku televisheni inapoonyesha wingu likija ni kazi bure. Benki hukulazimisha kuikata ukiwa eneo la hatari kubwa tu. Isipokulazimisha, usidhani maji yamekusamehe. Halafu kuna maji yanayorudi kupitia bomba la maji taka: hayo yanahitaji nyongeza yake, ambayo kwa kawaida si ghali.

Ndugu waliokuja kutoka Galveston na Corpus Christi: ninyi mna shida ya ziada. Katika kaunti 14 za pwani ya Texas na sehemu ya kaunti ya Harris, kampuni nyingi huondoa upepo kabisa kwenye bima ya nyumba, na mtu hulazimika kuukatia bima kwa TWIA, chombo cha bima ya upepo kilichoundwa mwaka 1971 baada ya kimbunga Celia. Kwenu ninyi jibu la "inalipa" linaweza kuwa "hailipi", hadi muwe na karatasi hiyo ya pili.

Mambo madogo yanayoulizwa sana. Gari lililoangukiwa na mti linalipwa na bima ya gari, sehemu ya "comprehensive", si ya nyumba. Mti ukiangukia nyumba, nyumba inalipwa na kuuondoa mti kunalipwa kidogo, mara nyingi hadi dola 500 kwa mti na 1,000 kwa tukio zima. Ukiangukia majani tu uani, kwa kawaida ni kazi yako. Fedha taslimu: najua baadhi yenu mnatunza fedha za kikoba au chama ndani ya nyumba. Sera nyingi hulipa fedha taslimu hadi dola 200 tu, hata zikiwa 6,000. Zipelekeni benki. Na mpangaji asitegemee bima ya mwenye nyumba, kwa kuwa hiyo haigusi kochi lake wala nguo zake. Anahitaji bima yake ya upangaji, ambayo ni ya bei ndogo ukilinganisha na ya nyumba.

Hili linalofuata si dogo. Mtu ananunua nyumba, anaishi humo miaka mitatu, anahamia kwingine, ile ya zamani anampangisha ndugu aliyetoka Nairobi au Bukavu. Bima anaiacha kama ilivyokuwa. HO-3 ni ya mwenye nyumba anayeishi mwenyewe humo. Ukishapangisha, unahitaji sera ya nyumba ya kupangisha, kama ile iitwayo DP-3. Usipobadilisha, dai lako linaweza kukataliwa lote, upepo uwe umefanya nini. Mpigie wakala siku unapohamisha vitanda. Na anayeifunga nyumba miezi mitatu kwenda nyumbani aache samani ndani na mtu wa kuipitia: nyumba iliyo tupu zaidi ya siku 60 hupoteza kinga ya baadhi ya mambo, kama vioo kuvunjika na uharibifu wa makusudi.

Sasa tuseme imepita. Mko hai, paa limefunuka. Kwanza gesi na umeme: ukisikia harufu ya gesi, toka na upige simu ukiwa nje, waya uliolala chini usiuvuke. Kisha, kabla hujasogeza chochote, piga picha na video: nyumba kwa mbali, kila upande, kila chumba, kisha karibu kwenye kila kilichoharibika, na namba ya modeli ya kila mashine. Vigae vilivyodondoka uani uvipige picha hapo hapo vilipo.

Halafu funika. Sera inakudai uzuie hasara isiongezeke, na mvua ya kesho yake ikimalizia dari ambayo ungeweza kuifunika, kampuni itakubebesha wewe kosa hilo. Turubai, mbao za kuzibia madirisha, fundi wa dharura: yote unarudishiwa kwa risiti, kwa hiyo risiti ziingie kwenye bahasha moja. Lakini ni kuziba kwa muda tu. Usianze kuezeka kabla mtathmini hajaona. Na usitupe. Zulia likinuka, likate, weka kipande cha futi moja, kisha utoe lililobaki ukiwa na picha.

Toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa simu au kwa programu ya kampuni, upewe namba ya dai. Kila simu iandike: tarehe, jina la uliyezungumza naye, alichosema. Omba mkalimani kama Kiingereza cha bima kinakupa shida, na tafadhali msimfanye mtoto wa darasa la sita kuwa mkalimani wa jambo la dola 80,000. Nyumba isipokalika, D inalipa nyongeza ya gharama: kama chakula cha familia kwa kawaida ni dola 800 kwa mwezi na sasa mnatumia 1,500, inalipa zile 700. Mkopo wa nyumba unaendelea kuulipa kama kawaida.

Siku ya mtathmini, uwepo, na kama umeshampata mwezekaji unayemwamini, awepo naye apande paa pamoja naye. Kisha dai makadirio yote kwa maandishi, mstari kwa mstari, maana makosa mengi hukaa humo. Paa hapa hupimwa kwa "square", yaani futi mraba 100. Linganisha idadi ya hizo na vipimo vya fundi wako. Angalia kama wameweka vigae vya ziada kwa ajili ya kukata na kupotea, ambavyo kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15, karatasi ya lami ya chini, vigae vya kuanzia na vya mgongoni, mabati ya ukingoni na ya kwenye maungio, kofia za mabomba, gata. Fundi akifunua na kukuta mbao za chini zimeoza kwa maji ya dhoruba, asimamishe kazi, apige picha, mpeleke dai la nyongeza. Na mkaguzi wa jiji akidai jambo jipya la kanuni za ujenzi ambalo nyumba ya zamani haikuwa nalo, kuna kifungu cha "ordinance or law", mara nyingi asilimia 10 ya A, ambacho watu wengi wanacho na hawakidai.

Hundi ya nyumba itakuja na majina mawili, lako na la benki yenye mkopo. Hakuna aliyekosea, ndivyo mkataba ulivyo. Benki huachia fedha kwa awamu kadiri kazi inavyoendelea, kwa hiyo wapigie mapema mujue wanataka karatasi gani. Hundi ya mali za ndani kwa kawaida ni yako peke yako.

Wenye malori watakaopita mtaani kesho yake asubuhi: wengine ni mafundi wazuri, wengine wataondoka na amana yako. Jimbo la Texas halitoi leseni ya uezekaji, kwa hiyo "nina leseni ya jimbo" ni ishara mbaya. Usitie saini kwenye kompyuta ndogo anayokushikia mlangoni, maana "ruhusa ya kukagua tu" mara nyingi ni mkataba. Na akisema atakusamehe fungu lako, au ataliongeza kwenye ankara bima ilipe, mwambie aende. Tangu Septemba 2019 jambo hilo ni kosa la jinai hapa Texas, na kampuni inaruhusiwa kukudai uthibitisho kwamba umelipa fungu lako kabla ya kutoa hundi ya pili. Mwezekaji pia haruhusiwi kukufanyia mazungumzo na kampuni kuhusu dai la paa analoezeka. Anayeruhusiwa ni mtathmini wa umma ("public adjuster") mwenye leseni, unayemlipa wewe akutetee, na ada yake kisheria haizidi asilimia 10 ya malipo.

Kampuni nayo ina saa yake. Ukishatoa taarifa kwa maandishi, ina siku 15 kukiri kuipokea na kuanza kushughulikia. Ikishapata kila ilichokuomba, ina siku 15 za kazi kukubali au kukataa, na ikishakubali, siku 5 za kazi kulipa. Baada ya janga kubwa, kamishna wa bima wa Texas anaweza kuongeza siku 15. Zikipita, andika malalamiko kwa Texas Department of Insurance, idara ya bima ya jimbo. Ni bure, na kampuni inalazimika kuwajibu. Mkipishana kwenye kiasi tu, sera nyingi zina kifungu cha "appraisal": kila upande unaleta mtathmini wake, nao wawili wanachagua mwamuzi.

Saa yako wewe ni hii: sera nyingi za Texas zinataka dai la upepo au mvua ya mawe lifike ndani ya mwaka mmoja tangu dhoruba, kwa hiyo kugundua tundu mwaka wa pili ni kuchelewa. Kushtaki mara nyingi ni miaka miwili na siku moja tangu jibu la kampuni, na kabla ya kushtaki lazima uwape notisi ya siku 61. Barua ya kukataliwa ikija, isiishie kwenye droo la jikoni pamoja na menyu za piza. Tarehe iliyo juu yake ndiyo mtakayoitumia kuhesabu.